Mrejesho: gari-nyumba lililoharibika likiwa limehifadhiwa

Asanteni sana kwa ushauri. Niliuliza kama nimdai mwenye yadi, baada ya kukuta dari ya gari-nyumba letu ina doa la maji na ukuta wa nyuma unabonyea kwa kidole. Lilikuwa limeegeshwa kwenye yadi yake miezi 5.

Nashukuru sikukimbilia kudai. Fundi alipita na kipimo cha unyevu, akafuata maji kutoka kwenye doa mpaka tundu la hewa la paani, karibu mita 2 mbele. Gundi ya kuzibia pembeni mwake ilikuwa imepasuka kwa jua. Maji yaliingia hapo, yakatambaa juu ya mbao za fremu, yakaja kutokea mbali kabisa. Ndiyo maana nilipokagua juu ya doa sikuona ufa wowote.

Bima wamekataa: uvujaji wa polepole wanauhesabu kama uchakavu. Imeniuma. Mbao 3 zimeoza, zinabadilishwa. Zilizobaki zinakaushwa kwanza, na hapo fundi hataki haraka, kwani unyevu ukifungiwa ndani uozo unaendelea kimyakimya.

Mwenye yadi nimemwomba radhi, ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa mkali. Amekubali niwe napanda paani kukagua kila mwezi.