Bunduki ya mitutu miwili kutoka Eibar: nitaijuaje kama bado ni nzima?

Muulizaji, Masasi
Shikamooni wakubwa. Mwalimu mmoja mstaafu kijijini kwetu anataka kuniuzia bunduki yake ya marisau, yenye mitutu miwili sambamba, iliyotengenezwa zamani mjini Eibar, Hispania, ambayo ameitumia miaka mingi kuwafukuza nguruwe pori shambani. Ina nakshi nzuri ya maua, lakini mimi nimezoea kuona magobole tu. Nianzie wapi kuikagua?

Fundi, Mikindani
Marahaba, mwanangu. Nakshi iache kwanza, kwa kuwa Eibar ulikuwa mji wa karakana nyingi, na hata zenye majina makubwa, kama AYA na Ugartechea, zilitoa bunduki za madaraja mbalimbali, hivyo jina peke yake halikuambii kazi ilifanywaje. Hakikisha mitutu yote haina risasi, ondoa mbao ya mbele, bana kitako kwapani, kisha uitikise: mitutu ikicheza hata kidogo, bawaba imelika, nao ndio ugonjwa niliouona mara nyingi kwenye zile za bei ya chini.

Baada ya hapo ing'oe mitutu, ining'inize kwa uzi na uigonge kwa ukucha. Ikilia kama kengele, ulehemu unaoishikanisha ni mzima; ikitoa sauti kavu kama ya debe, umeachia mahali. Itazame kwa ndani ukiielekeza dirishani: kivuli kilichojikunja ni dalili ya mbonyeo, na vishimo vyeusi ni kutu, ambayo sisi wa upepo wa bahari hatuhitaji kufundishwa. Angalia na vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, ujue amekwisha kupita fundi wa baiskeli.

Mkulima, Nachingwea
Fundi amesema kweli, ila ameliruka lililo kubwa kuliko yote, nalo ni urefu wa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa. Bunduki nyingi za zamani za Ulaya zina chemba ya milimita 65, ilhali risasi nyingi za leo ni za 70, na urefu huo hupimwa ganda likiwa limekwisha kufunguka. Kwa hiyo risasi ya 70 itaingia kwenye chemba ya 65 bila kukwama, kisha ikifyatuliwa mdomo wa ganda unafungukia pale mtutu unapobana, na shinikizo linapanda. Soma chapa chini ya mitutu upande wa nyuma, 12-65 au 12-70; hiyo 12 ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ya pili ndiyo urefu wa chemba. Ukaguzi wote ufanyie kwa mwalimu, mbele yake; usiibebe kwenda nayo kwako kabla hujapata leseni kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015.

Muulizaji, Masasi
Ahsanteni. Nimekwenda jana. Chapa ni 12-70 na mitutu inalia vizuri, lakini nilipoitikisa nilisikia kitu kikigonga, tk, tk, karibu na bawaba. Mwalimu anasema ndivyo ilivyokuwa tangu ainunue.

Fundi, Mikindani
Haikuzaliwa hivyo. Bawaba inaweza kujazwa upya, lakini ni kazi ya fundi mwenye leseni, tena ya siku kadhaa. Usikubali apige patasi chuma ili kibane, kwa maana baada ya risasi chache kitarudi kulekule. Mwombe mwalimu apunguze bei kwa kiasi cha gharama hiyo, na mpaka itengenezwe isifyatuliwe.