Gari linagonga ukiingiza D, fundi anakimbilia kushusha gia boksi bila kupima chochote!

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Uzi ni mrefu, mwenye gari la zamani la otomatiki avumilie, maana kesho utakuwa wewe.

Gari ni Mercedes W123, 300D turbo ya 1983, gia boksi ya 722.3 yenye gia nne. Ukitoa P kwenda R, au N kwenda D, linapiga kishindo mpaka kioo cha ndani kinatikisika. Ukiwa barabarani linavuta vizuri, gia haitelezi hata kidogo, ila kila inapopanda unalisikia teke mgongoni. Mafuta ya gia ni mekundu, hayana harufu ya kuungua, na kiwango kiko sawa likipimwa injini ikiwa moto inaunguruma. Kwa dalili hizo, fundi mwenye akili timamu anaanza kutafuta nje ya gia boksi.

Gereji ya kwanza hukumu ilitoka kabla boneti haijafunguliwa: "Gia boksi imekufa, tushushe, ipo nyingine hapa." Nikauliza, mmepima presha ya mafuta ya gia boksi? Kimya. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, mmeiangalia? Jamaa akaniangalia kama nimemtukana. Klachi zilizochakaa huteleza, injini inapanda mzunguko gari lisiende. Langu linashika kwa nguvu kupita kiasi! Dalili ni kinyume kabisa, na bado mtu anataka kuniuzia gia boksi iliyotoka kwenye gari lililokatwa, ambayo hata yeye hajui inafanya kazi au la.

Nikaondoka. Gereji ya pili wakaanza na hadithi ya "hidroliki nzito", yaani mafuta ya gia mazito. Kila mtu ana chupa yake anayoiamini. Ndugu zangu, mafuta ya gia hayachaguliwi kwa kuangalia uzito. Yapo yaliyotengenezwa kushika haraka, kama yale ya Type F waliyotumia Ford enzi hizo, na yapo ya aina ya Dexron yenye viungo vya kulainisha mshiko. Ukimimina ya kwanza kwenye gia boksi iliyobuniwa kwa ya pili, unaongeza kishindo badala ya kukipunguza. Nilikataa, wakanuna.

Kilichonichemsha zaidi ni hiki. Kwenye gari hili kuna dalili nyingine mbili ambazo nilizitaja kila gereji niliyoingia, na hakuna aliyezitilia maanani. Ukizima swichi, injini haizimiki palepale, inaendelea kuunguruma kidogo ndipo ife. Na loki za milango zimekuwa nzito, mlango mmoja wa nyuma haufungi kabisa mpaka uubonyeze kwa mkono. Kwa fundi anayejua dizeli za Mercedes za miaka ile, hayo matatu ni ugonjwa mmoja: VAKYUMU INAVUJA, yaani ile nguvu ya kunyonya hewa inapotea njiani.

Injini ya petroli inajitengenezea vakyumu kwenye manifoldi kwa sababu ina kipepeo kinachobana hewa. Dizeli hii haina kipepeo, kwa hiyo imefungiwa pampu ya vakyumu mbele ya injini. Pampu hiyo moja inahudumia servo ya breki (inayolainisha pedali), kuzima injini, loki za milango, na kile kikombe kidogo kilicho ubavuni mwa gia boksi kinachoitwa modyuleta. Modyuleta ndiyo inayoiambia gia boksi dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Ukiwa sailensa vakyumu ni nyingi, gia boksi inapunguza presha, gia inaingia kwa ulaini. Ukikanyaga, vakyumu inashuka, presha inapanda ili klachi zisiteleze. Sasa mpira ukipasuka popote, modyuleta inakosa vakyumu, na gia boksi inaamini umekanyaga mpaka sakafuni hata kama umesimama kwenye foleni. Lazima igonge! Inafanya kazi yake sawasawa, imepewa taarifa za uongo.

Gereji ya tatu angalau ilijua modyuleta ipo. Ila walichofanya ni kibaya kuliko wote. Wakatoa kifuniko cha raba, wakazungusha kishikio cha kurekebishia mpaka kishindo kikapungua, wakanikabidhi gari huku wanatabasamu. Hawakuweka alama kilipokuwa, hawakuhesabu mizunguko, hawakufunga geji. Wenye 722.3 mnajua maana yake: umepunguza presha ya kubana klachi ili kuficha uvujaji wa vakyumu. Baada ya hapo ukipanda mlima na mzigo, klachi zinateleza na kuungua, na HAPO ndipo gia boksi inakufa kweli. Nililisikia barabarani siku hiyohiyo, injini inapanda mzunguko kati ya gia ya pili na ya tatu kabla haijashika. Gia boksi nzima inaharibiwa na mtu niliyemlipa aitengeneze.

Ikabidi nitafute mwenyewe pampu ya mkono ya vakyumu yenye geji. Kwenye mpira mkubwa wa pampu, injini ikiwa sailensa, nilipata inchi 21 za zebaki (ndicho kipimo cha vakyumu), pampu ni nzima. Kwenye mpira unaoingia modyuleta nikapata 3. Tatu! Nikaanza kuziba matawi moja baada ya jingine. Nilipoziba la loki za milango, sindano ikaruka ikapita 12, na injini ikazimika papo hapo nilipogeuza swichi. Kosa lilikuwa kwenye kikopo cha vakyumu kinachosukuma loki ya mlango uleule wa nyuma niliokuwa nawaambia. Nilipokitoa, diaframu yake, ule utando wa raba wa ndani, ilikuwa imechanika ukingoni, ufa wa urefu wa ukucha, raba imekauka inakatika ukiikunja.

Nilipokuwa chini nikashika propela, ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, gia ikiwa N na magurudumu yamewekewa vizuizi, nikaitikisa. Raba ya mbele inayounganisha propela na gia boksi ina nyufa kuzunguka matundu ya bolti. Hiyo nayo inaongeza mlio wa "tko" unapoingiza R. Hakuna fundi hata mmoja aliyeingiza mkono pale. Maunti za injini, zile raba zinazoibeba, nilizijaribu kwa njia ya kawaida: boneti wazi, mtu amekanyaga breki, anahamisha D kwenda R, unaangalia injini inanyanyuka kiasi gani. Zangu ni nzima. Sailensa nayo iko kwenye mizunguko 750 hivi kwa dakika, inavyotakiwa. Kazi yote hiyo haihitaji kufungua hata bolti moja ya gia boksi.

Na wenye magari ya petroli yenye modyuleta ya aina hii, yale ya Kimarekani yenye gia boksi za TH350 au C4, msidhani mmepona. Chomoa mpira wa modyuleta uangalie ndani. Ukikuta mafuta mekundu, diaframu imetoboka, injini inanyonya hidroliki. Ndiyo maana eksozi inatoa moshi mweupe na kiwango kinashuka bila tone kuonekana chini. Ni watu wangapi wamefunguliwa injini kwa ajili ya moshi huo?

Gereji ya tatu nimerudi kudai pesa yangu. Wanasema "si kishindo kilipungua?" Nimewaambia wafunge geji ya presha wanionyeshe namba, wakasema hawana geji. Hawana geji, na wanarekebisha presha!

Sasa kikopo kipya cha loki kimefungwa, vakyumu imerudi, lakini modyuleta bado iko pale walipoiacha na gia ya tatu bado inateleza kidogo kabla ya kushika. Sitaizungusha kwa kubahatisha kama wao. Aliyewahi kurekebisha 722.3 ya dizeli turbo kwa geji aniambie: ulifunga geji kwenye tundu gani, na ulisoma namba ukiwa sailensa au ukiwa mwendoni? Mwenye picha aweke. Anayekuja kuandika "shusha gia boksi tu mkuu" apite kimya.