Nimelalamika simu ya mtandao inakata sauti, hawa jamaa wananiambia nina MAFUA!

Mpakizi wa Kibirizi:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, simu nimekata sasa hivi. Hawa jamaa wa intaneti, mnawajua, wale wenye mabango mpaka kwenye choo cha stendi. Nimejieleza dakika kumi, dada wa huduma kwa wateja akanijibu: "Kaka, labda una mafua."

MAFUA!

Jana nilimpigia mteja wangu wa Kalemie kwa mtandao, maana dakika za kawaida kwenda Kongo ni kunyongwa. Boti iko ufukweni, vibarua wana magunia mabegani. Mteja kasema "usipakie". Mimi nikasikia "...pakie". Ile "usi" imemezwa! Nikawaambia vijana twende kazi. Gunia kumi za dagaa zimevuka ziwa, huko bei imelala, mwenyewe hautaki mzigo. Na aliyekuwa anasikika kama kuku ndani ya ndoo ni yeye, mimi nilikuwa msikilizaji. Mafua yangu yanaingiaje kwenye koo la mtu wa Kalemie?

Nimepima kila kitu. Nimeacha waifai nikachomeka waya, bado. Pingi, yaani muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi, hadi kwenye ruta yangu ni milisekunde 1, imetulia kama ziwa alfajiri. Kwenda nje: 90, 95, 640, imepotea, 88, imepotea. Saa mbili usiku ni vurugu, saa nane usiku imenyooka. Kwa hiyo mafua yangu yanapona saa nane? Simu ya sauti haili hata kilobiti 100 kwa sekunde, na wao wananiuzia megabiti 20! Nikamwambia yote hayo. "Zima uwashe." Halafu mafua.

Mla Migebuka:
Pole mkuu. Ila hata huu uzi naona umeuandikia puani.

Fundi Nyaya:
Kasi siyo shida, shida ni pakiti, yaani vipande vidogo vya sauti, kufika kwa mafungu. Programu inasubiri kidogo zilizochelewa, zikizidi kuchelewa inazitupa. Ndiyo hiyo "usi" yako. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wanashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ila kabla hujawatukana, nani hapo nyumbani alikuwa anapandisha video? Njia ya kupandisha ikijaa, sauti inapanga foleni.

Mpakizi wa Kibirizi:
Fundi, naishi na mama na mbuzi watatu. Nani kati yao anapandisha video? Ruta ni milisekunde 1, uchafu unaanzia kwao! Mtu yuko kwenye kiyoyozi ananipima mafua kwa simu!

Binti Ujiji:
Afadhali yako. Mchumba wangu yuko Oman, kila akiongea anajisikia mwenyewe. Juzi kasema "nakupenda", sauti ikamrudia, akaniuliza huyo mwanaume hapo ndani ni nani. Siku mbili hajapokea simu.

Fundi Nyaya:
Binti, spika yako inaingia kwenye maiki. Vaa iafoni, ndoa itapona.

Mtoto wa Tabora:
Nyie mna mtandao wa kulalamikia. Huku kwetu Urambo umeme ukikatika na mnara unalala. Nitumieni hayo mafua.

Mzee wa Gungu:
Kijana, mzigo wa gunia kumi unaupakia kwa neno la mdomo? Ungemwambia aandike. "Usipakie" ya maandishi haimezwi.

Mpakizi wa Kibirizi:
Mzee wangu, shikamoo. Nimekuelewa, ila MAFUA mzee?

Mla Migebuka:
Hizo gunia kumi zikirudi, kilo utauza bei gani? Mbalamwezi hii wavuvi wamelala, mjini dagaa hawashikiki.

Mtoto wa Tabora:
Bei ya nini, si mnunue wa Mwanza.

Binti Ujiji:
Wa Mwanza wale wenye mchanga? Unakula dagaa au unatafuna ufukwe?

Mzee wa Gungu:
Mtoto wa Tabora, futa hiyo kauli kabla sijawaita wenzangu.

Mtoto wa Tabora:
Sifuti. Wa Mwanza ukiwaosha maji matatu hawana neno.

Mla Migebuka:
Maji matatu! Hao ni dagaa au nguo?