Mjadala: Je, mtawala wa ulimwengu wa kubuni wenye sura ya Andes arithi cheo bila mali?

Ndugu wachangiaji, swali lililo mezani ni hili. Mtunzi amebuni dola ya kifantasia yenye milima mirefu, wanyama wa mizigo waitwao llama, mashamba ya matuta na nyuzi za mafundo zinazotunza hesabu, kisha akamsimika juu yake mtawala anayefanana na Sapa Inka, yaani mfalme wa Wainka, waliotawala milima ya Andes ya Amerika Kusini kutoka mji wa Cusco kabla ya kuja kwa Wahispania. Je, cheo cha mtawala huyo kirithiwe kwa kawaida ya Wainka, au mtunzi amkabidhi tu kifungua mimba wa kiume, pamoja na ikulu, hazina na mashamba yote, kama tulivyozoea kusoma katika hadithi zenye asili ya Ulaya?

Wengi waliotangulia wameona kwamba ruhusa anayo, kwa kuwa ulimwengu ni wake na msomaji hataki kuchoshwa na sheria za mirathi. Wachache wamedai kwamba Wainka wenyewe hatuwajui vya kutosha, hivyo hakuna kawaida ya kufuata. Mimi sibishani na ruhusa. Ninachokipinga ni kuitumia, kwa sababu mtunzi anayefanya hivyo anakuwa amebeba llama na kuiacha siasa.

Tuanze na mali. Sapa Inka mpya alipovishwa maskapaycha, yaani matamvua ya sufu nyekundu yaliyoning'inia kwenye paji la uso, alipokea cheo, majeshi na haki ya kuwadai raia kazi za zamu. Hakupokea jumba la mtangulizi wake, wala mashamba yake binafsi, wala watumishi wake. Hivyo vyote viliendelea kuwa vya marehemu, ambaye maiti yake ilikaushwa, ikavishwa na kulishwa, huku mali ikisimamiwa na panaka, yaani ukoo wa wazao wake wote isipokuwa yule mmoja aliyeshika utawala. Msomaji wa pwani anaweza kuifikiria kama mali ya wakfu, ila hapa aliyeweka wakfu bado anahudhuria sherehe. Kwa hiyo mtawala alianza akiwa na cheo kikubwa kuliko vyote na mikono mitupu, na ilimbidi ajitafutie ardhi mpya, ama kwa kufungua mabonde au kwa vita. Mwaka 1984 wanaakiolojia Geoffrey Conrad na Arthur Demarest walijenga hoja kwamba mirathi ya namna hii ndiyo iliyoisukuma dola kupanuka. Wapo wanaoona kuwa wameitwisha sababu moja mzigo mkubwa mno, nami sioni ubaya wa pingamizi hilo. Lakini mtunzi wa fantasia hatoi ushahidi mahakamani. Anachohitaji ni sababu ya kumfanya mtawala asitulie, na hii hapa anaipata bila kulazimika kumpa uchu wa damu.

Tazameni namna kawaida hiyo ilivyofanya kazi. Mhispania Pedro Pizarro, aliyemaliza kuandika kumbukumbu zake mwaka 1571, anasimulia kwamba jamaa yake Francisco Pizarro, kiongozi wa Wahispania walioiteka dola hiyo, alimtuma kwenda kumposea mke kapteni mmoja wa Kiinka, kwa kuwa mwanamke aliyetakiwa alikuwa chini ya bwana mmoja mkubwa. Alidhani anakwenda kwa mtu aliye hai. Akapelekwa mbele ya maiti iliyofungwa vizuri, mwanamume akiwa upande mmoja na mwanamke upande wa pili, na hao wawili ndio waliokuwa wasemaji wake. Ombi lilipotolewa, walinyamaza kidogo, wakatazamana, kisha wakajibu kwamba bwana wao ameridhia. Katika nchi ya namna hiyo mtawala aliye hai hahitaji mpinzani wa kubuniwa: wapinzani wake wamevaa sufu nzuri, wana mashamba na wasemaji, na hawauliki kwa kuwa walishakufa.

Ama kuhusu nani arithi, mwanahistoria wa Peru María Rostworowski alionyesha kwamba kuzaliwa kwanza hakukutosha, na kwamba kilichotafutwa ni uwezo. Masimulizi ya Cusco yanasema mtawala Viracocha alikuwa amemchagua mwanawe Urco, lakini Wachanka, watu waliokuwa maadui wa Wainka, waliposhambulia, baba na mteule wake wakaukimbia mji, na mwana mwingine aliyebaki kuutetea ndiye aliyekuja kuitwa Pachacuti. Cheo hakikutoka nje ya damu ya kifalme. Ndani ya damu hiyo kiligombewa, na watu wa upande wa mama walikuwa na uzito mkubwa katika kumsimika mgombea.

Sapa Inka Huayna Capac alifariki kaskazini mwa dola katika miaka ya 1520, pengine kwa ndui iliyotangulia kufika kabla ya Wahispania wenyewe, na Ninan Cuyochi aliyetajwa kuwa mrithi akafa pia. Mwanawe Huascar akavishwa matamvua mjini Cusco, na mwanawe mwingine, Atahualpa, akabaki na majeshi ya kaskazini. Pedro Pizarro huyohuyo anaeleza kwamba Huascar, akikerwa na kuona vitu bora vya nchi vimo mikononi mwa wafu, alitishia kuwazika wote na kuchukua walichokuwa nacho, na wakuu wengi wakamchukia kwa hilo. Majeshi ya Atahualpa yalipoingia Cusco yaliwaua watu wa panaka ya Tupac Yupanqui, baba wa Huayna Capac, iliyokuwa upande wa Huascar, na kuiteketeza kwa moto maiti ya Tupac Yupanqui mwenyewe. Huyo alikuwa babu yao wote wawili. Sielewi mtunzi anayeliacha tukio kama hilo ili apate nafasi ya ndugu wanaobishana nani alitangulia kuzaliwa.

Nije kwa wanaosema vyanzo vimepindishwa. Vimepindishwa kweli, tena kwa namna inayoitia nguvu hoja yangu. Mhispania Juan de Betanzos, aliyeandika mwaka 1551, alimwoa mwanamke wa panaka ya Pachacuti aliyewahi kuwa mke wa Atahualpa, na maandishi yake yanampendelea Atahualpa. Mwandishi Inca Garcilaso de la Vega, ambaye mama yake alitoka katika uzao wa Tupac Yupanqui, anamwonyesha Atahualpa kuwa mnyang'anyi asiye na haki. Kila ukoo ulisimulia uhalali wa cheo kwa faida yake, na dola ya kubuni inaweza kuwa na wasimulizi wanaopingana vivyo hivyo bila mwandishi kutangaza nani mkweli.

Hoja ya msomaji kuchoka ndiyo dhaifu kuliko zote. Anayestahimili mazimwi, lugha za kubuni na ramani za kurasa mbili hatashindwa na kanuni inayosemeka kwa pumzi moja: cheo kinakwenda kwa aliye hai, mali inabaki kwa aliyekufa.

Lipo jambo ambalo upande wangu haujalijibu, nami ningependa lishughulikiwe badala ya kulirudia lile la uhuru wa mtunzi. Mwaka 1559 ofisa wa Kihispania Polo Ondegardo alizifichua maiti za watawala, na baadhi zikapelekwa Lima, makao makuu ya utawala wa Kihispania. Wazao hawakuacha kudai heshima na haki zao mbele ya mahakama za Kihispania. Hata José Gabriel Condorcanqui, aliyejiita Túpac Amaru, alikuwa na kesi ya namna hiyo Lima katika miaka ya 1770, kabla ya kuongoza uasi wa mwaka 1780. Je, katika ulimwengu wa kubuni ambamo maiti zimekwisha kuporwa, wasemaji wa marehemu wanasema kwa mamlaka ya nani, na ni nani anayemzuia mtawala mpya asiyachukue yale mashamba?