Wageni wanalala katikati ya migomba halafu tunawalisha tambi, tufanyeje?

Vyumba_Vinne:
Wakuu habari za jioni, naomba mawazo ila msinicheke sana. Nina nyumba ya wageni ndogo huku Marangu, vyumba vinne tu, wateja wangu wengi ni wale wa kupanda mlima, wanafika jioni wanalala usiku mmoja asubuhi hao getini, wakishuka wanaoga wanaondoka zao Arusha au Zanzibar. Hela inabaki kwa kampuni iliyowaleta, mimi naambulia ya kitanda na majirani zangu hawaambulii hata mia.

Sasa mwezi uliopita kaja mama mmoja Mjerumani, asubuhi nikamtengea mkate, mayai, maji ya moto na kopo la kahawa ya kukoroga. Akaliangalia lile kopo, akaangalia dirishani, mibuni imegusa kabisa ukuta na matunda yameiva mekundu, akaniuliza kwa upole tu, hii ndiyo ile pale? Aisee nilitamani ardhi inimeze. Mimi nimesomeshwa kwa kahawa, babu alikuwa anabeba magunia kupeleka chama cha msingi, lakini nyumbani hatujawahi kuinywa hata siku moja, sisi ni chai ya maziwa. Na usiku wake nilikuwa nimempa tambi na sosi ya dukani.

Nataka nianze kuwapa vya kwetu, vyakula vya ndizi kama mtori, kiburu na machalari, kahawa ya kukaanga, na mbege, pombe yetu ya ndizi. Nianzie wapi? Na je watakula kweli au ntatupa chakula?

Mpishi wa Juu:
Watakula mangi, sisi ndo tunaowaogopa bure. Mimi nimepika mlimani miaka mingi, pale kambi ya Horombo mita 3,720 mtu anakaa mbele ya sahani anaigeuzageuza tu hana hamu na chochote, kinachopita ni supu. Nilikuwa nawapa supu ya pakiti kama wenzangu, siku moja pakiti zimeisha nikawa na ndizi za mshare nilizobeba za kula sisi na wapagazi, nikapika mtori mwepesi, mifupa imechemka vizuri, ndizi nimeziponda mpaka zimelainika kabisa. Walirudia mara mbili halafu wakataka kujua ni viazi gani vile. Toka siku hiyo sijabeba pakiti.

Ila usiwaletee tu mezani kwenye bakuli kama hotelini, waite jikoni wamenye wenyewe. Wape mafuta wapake mikono kwanza, maana ule utomvu ukishika kwenye kucha wataondoka nao mpaka kwao 😂 Mtu akishamenya ndizi kumi kwa mkono wake hawezi kuacha kitu kwenye sahani, amini.

Binti_Materuni:
Kaka hili la kahawa sisi huku Materuni tunalifanya siku nyingi, watu wanakuja kuona maporomoko halafu wanapitia kwenye nyumba za watu kutengeneza kahawa. Huhitaji mtaji wa maana. Unahitaji kinu na mchi, ungo, sufuria na moto wa kuni basi. Mgeni anachuma, anazungusha ile mashine ya mkono ya kumenyea, halafu unamletea zilizokwisha kaushwa (maana za kwake zitachukua siku kibao kukauka), anatwanga kutoa ganda, anapepeta, anakaanga mpaka ziwe nyeusi zinang'aa, anatwanga tena, unachemsha, anakunywa. Mkitwanga imbeni, na akina mama wakianza kupiga vigelegele hata yule aliyekuja amenuna anashika mchi.

Na muwe na la kumwambia. Kilema ni jirani zako hapo, ndiko wamisionari wa Kikatoliki walikopanda mibuni mwishoni mwa miaka ya 1800, na KNCU, ule ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, ni ya mwaka 1933, wakulima weusi wanauza kahawa yao kwa pamoja enzi za mkoloni, hadithi ya babu yako na magunia yake imo humo humo. Mwambie hivyo hivyo ulivyotuambia sisi, mpaka hiyo ya kwamba hamuinywi.

Urojo Mkali:
Assalaam aleikum ndugu zangu, mie ni wa Unguja naomba nichangie kidogo. Kwetu viungo vimetubeba sana, mgeni anapelekwa kwenye mashamba ya Kizimbani au Kidichi, anavunjiwa jani la mdalasini mkononi ananusa anaambiwa haya bahatisha ni nini hiki, anakosea watu wanacheka, basi hapo keshakuwa mwenyeji. Lakini angalieni na Forodhani, pale kwenye vyakula vya usiku mjini. Raha ya pale ni kwamba ulikuwa unakula mshikaki na juisi ya miwa umebanana na watoto wa mtaani na wazee wanaopunga upepo. Siku hizi ukisogea meza zile unatajiwa bei ya mgeni kwanza, mpaka ufungue mdomo wasikie lafudhi. Mie nikitaka urojo naenda pengine kabisa. Chakula wakishakikimbia wenyeji mgeni naye anakigundua, hata kama hajui Kiswahili. Kwa hiyo hiyo kahawa yako na majirani zako waje wainywe.

Tumbo Halina Leseni:
Mawazo mazuri ila hakuna aliyegusa tumbo. Mtu amelipa dola nyingi sana na amejiandaa mwaka mzima aje apande Kilimanjaro, wewe usiku wa kuamkia safari unampa mbege, kesho yuko kambi ya Mandara anakimbilia chooni, kilele hafiki, halafu anakuandika kwenye mtandao dunia nzima inasoma. Biashara imekufa hapo. Kabla ya kupanda mpe vilivyopikwa vikachemka, vya moto, basi. Mbege iwe ya kushuka. Akishuka ana furaha, ana cheti chake, miguu inamuuma hataki kwenda popote, hapo mkalishe chini ya mgomba mpe kata yake. Na mwonyeshe inavyopikwa, ndizi zilizoiva zilizochemshwa, ulezi wa kimea, gome la msesewa linaloleta ule uchungu. Umuonye pia kwamba ikikaa inazidi kuwa kali, asije akadhani ni juisi. Halafu nenda kapime afya wewe na wapishi wako na uulize mambo ya leseni mapema, usisubiri waje kukuuliza wao.

Vyumba_Vinne:
Wakuu nimerudi. Nimejaribu jumapili na vijana wawili wa Denmark walioshuka mlimani, kinu nimeazima kwa mama jirani. Yule mrefu katwanga dakika tano kachubuka kiganja, akafunga kitambaa akaendelea! Kahawa ya kwanza wameiunguza ikawa mkaa, tumeinywa hivyo hivyo, na mimi nimeinywa, ndo mara yangu ya kwanza kunywa kahawa ya shambani kwetu nina miaka 46. Mbege mmoja kamaliza kata, mwenzake kaonja tu akasema inafanana na uji uliokasirika.

Sasa swali lingine, mama jirani katoa mkungu, kinu, na kakaa na sisi mchana mzima anawafundisha. Nilimlipa mkungu kwa bei ya sokoni, akapokea ila naona kama kanyamaza.

Binti_Materuni:
Kanyamaza kwa sababu umelipa ndizi, yeye hujamlipa. Mrudie kesho, umlipe na ile siku yake. Na kinu chake si cha kuazima tena, hicho nacho kina hesabu yake.

Mpishi wa Juu:
Uji uliokasirika 😂😂 hiyo naipeleka mlimani.