Tupeane uzoefu: kutoka out msimu huu wa joto bila kuacha uchafu nyuma

Kidagaa_Mchele:
Wakuu joto la Dar la kuanzia Desemba mnalijua, ukikaa ndani unaiva. Jumapili tumejikusanya familia nzima tukavuka Kigamboni, pantoni imejaa hadi pumzi unavuta kwa zamu, tunafika pale tulipozoea chini ya mivinje nakuta pampasi tatu, mifuniko ya soda na mifupa ya kuku. Nikataka kutukana halafu nikajiuliza sisi wenyewe mwaka jana tuliondokaje pale. Sasa mwenye uzoefu wa kutoka na watoto bila kuacha takataka na bila kuumia mfukoni aweke hapa. Naanza mimi, tulibeba chakula kwenye hotipoti, vikombe vya bati vya nyumbani, na chupa mbili kubwa za maji nilizigandisha tangu Ijumaa, zikapoza soda njiani na zikiyeyuka ndo maji ya kunywa. Hasara ni vikombe tu, vilienda nane vimerudi saba.

Pilipili_Kichaa:
Cha nane kipo huku kwangu mkuu 😂

Mama_Wawili:
Pampasi usiseme. Mi nabeba kiroba cha unga kilichoisha, kila kitu humo tunarudi nacho nyumbani, watoto walilalamika mara ya kwanza tu. Na kikapu cha ukili, tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019 ninavyo vinne.

Nyayo_za_Ngong:
Huku Nairobi mnajua msitu wa Karura, chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi, ile marufuku ya Juni 2020 ya mbuga na misitu. Siku ya kwanza nilirudisha zangu kwa gari nikiwa nimenuna kama mtoto, kiu ikaniua ndani, sasa natembea na flaski. Na kama hujawahi kuendesha baiskeli kwenye mbuga ya Hell's Gate nenda, unakodi hapo hapo, unapita karibu na pundamilia, hakuna moshi hakuna honi. Beba maji tu, hilo jua si la mchezo.

Mtoto_wa_Kaskazi:
Mnajichosha. Kunyweni madafu. Ukimaliza unatupa hapo hapo, ni kitu asili, kitaoza.

Ngalawa7:
Kitaoza lini kaka? Dafu lililokatwa juu likibaki limekaa wima mvua ikinyesha linajaa maji, mbu wanataga. Pasua, uligeuze, au mrudishie muuzaji.

Mtoto_wa_Kaskazi:
Unaongea kama bwana afya.

Ngalawa7:
Ndo mimi sasa.

Pilipili_Kichaa:
😂😂😂 leo umekamatika

Binti_Pangani:
Nilikuwa nasoma tu ila hiyo mifupa ya kuku imenikumbusha kitu ambacho huwa sikisemi. Miaka minne iliyopita tulienda beach, mwanangu ana miaka sita. Tukachoma mishkaki, tumemaliza kama saa nane mchana, nikasema mimi sitaki kuacha uchafu kama wale jirani zetu, nikachimba shimo kwa sahani, nikamwaga mkaa wote, nikafukia na mchanga, nikakanyagia na ndala zangu mpaka pakawa sawa kabisa. Nakumbuka nilijisifu kwa sauti ili wale jirani wasikie. Yakapita masaa mawili hivi, watoto wanacheza mpira peku, mpira ukaenda upande ule, mwanangu akaufuata. Nilisikia ukelele nikajua ni miba. Mguu ulikuwa umezama hadi kifundoni, nilipomvuta ngozi ya kisigino ikabaki imejikunja kama ganda la viazi. Watu wakajaa, huyu dawa ya meno, huyu ute wa yai, mwingine anakimbilia mafuta ya kula. Mama mmoja muuza mihogo ndo aliwasukuma wote, akachukua ndoo yake ya maji safi akawa anamwagia mguu taratibu bila kusema neno, ikaisha akamtuma kijana wake kuchota nyingine. Hospitali walisema yale maji ndo yalisaidia. Mwezi mzima kufunga bandeji. Na aliyeuzika ule mkaa si jirani mchafu, ni mimi msafi.

Mama_Wawili:
Pole sana mdogo wangu. Nimejikuta nimekunja miguu kwenye kochi.

Kidagaa_Mchele:
Aisee. Mimi nimefukia mkaa maisha yangu yote.

Ngalawa7:
Na wengi wanafukia. Mchanga unafanya kama blanketi, juu pamepoa chini kunawaka, na huoni moshi wala wekundu. Mwagia maji, koroga, mwagia tena mpaka uache kulia tsss, ukipoa beba nao. Ukiungua ni maji safi yanayotiririka dakika 20, sio barafu, sio colgate.

Mzee_wa_Tegeta:
Bibi yangu alitumia asali na tulipona wote.

Ngalawa7:
Mzee wangu shikamoo, lakini maji kwanza.

Mti_Mkavu:
Kwani lazima kuchoma nyama ufukweni? Huo mkaa ni misitu ya watu inakwisha, halafu mnajadili vikombe.

Mtoto_wa_Kaskazi:
Haya sasa tule mchanga. Mnataka kila raha iwe dhambi.

Mti_Mkavu:
Kuna watu humu hawajawahi kula wali wa nazi uliopoa.

Ngalawa7:
Tukiwa hapo hapo, wanaoenda kisiwa cha Mbudya kwa boti za Kunduchi, acheni kusimama juu ya matumbawe. Na viti vya pweza, vile viumbe vya umbo la nyota, mnavyovinyanyua mpige navyo picha vinakufa vikikaa nje ya maji. Ile ni hifadhi ya bahari tangu 1975, sio studio.

Pilipili_Kichaa:
Mimi nimepiga tatu 🙈 nafuta

Kidagaa_Mchele:
Dada Binti_Pangani, mtoto anaendeleaje sasa?

Binti_Pangani:
Ana miaka kumi. Beach alikuwa hataki kabisa, anabaki kwenye mkeka. Jana kaniambia Jumapili tutoke, ila atavaa raba mpaka kwenye maji.

Mti_Mkavu:
Na mkaa?

Binti_Pangani:
Wali wa nazi kaka. Uliopoa.

Pilipili_Kichaa:
Kikombe cha nane ntakileta.