Nimerudia kusoma Spider-Man namba 121, alama imenishinda. Naombeni ushauri

Mtu wa Kurasini
Wakuu, habari za jioni. Tuko sita, kila Jumapili tunasoma toleo moja la katuni za zamani, kisha kila mmoja anatoa alama kati ya 10 na sababu zake. Wiki hii naongoza mimi, na toleo ni The Amazing Spider-Man namba 121, Juni 1973. Mwandishi Gerry Conway, mchoraji Gil Kane. Ndimo anamokufa Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man.

Nikiwa kidato cha pili nililipa 10. Juzi nimelirudia mara nne usiku mmoja, na naona ni 3. Nitoe hiyo 3, au nifuate mkumbo nitoe 9 yaishe?

Kaka wa Tandika
Tatu?! Jina la hadithi wamelificha hadi ukurasa wa mwisho ili usijue nani anakufa! Mimi 9.5, na sibishani.

Mama Wawili
Watu wazima sita, Jumapili nzima katuni. Ibada mnaenda saa ngapi? Kaka yangu alikuwa na sanduku zima la hayo makaratasi, mama akayawashia mkaa. Kaka alinuna mwaka mzima. Sasa hivi ana watoto watatu na bado akija nyumbani analitaja lile jiko.

Fundi Daraja
Kuna kosa pale darajani anapofia Gwen. Maneno yanasema daraja la George Washington, lakini lililochorwa ni la Brooklyn, lenye minara ya mawe. Punguza nusu alama, usizidishe.

Zuhura wa Pili
Mkuu, kutoka 10 hadi 3, tena mara nne usiku mmoja. Umekwama ukurasa gani?

Mtu wa Kurasini
Wa darajani. Green Goblin, adui wa Spider-Man, anamwangusha Gwen, Spider-Man anarusha utando, unamnasa mguuni. Pembeni ya shingo ya Gwen kuna herufi nne ndogo, SNAP, yaani mlio wa kitu kuvunjika. Halafu jamaa anamvuta juu huku anajisifu, anamsemesha, hajui kwamba anasema na maiti. Mwandishi hakupaswa kuziweka zile herufi. Goblin mwenyewe anasema alishakufa kabla utando haujamfikia. Si wangeishia hapo?

Kaka wa Tandika
Wahariri walishalijibu kwenye barua za toleo la 125. Kilichomuua ni kusimamishwa ghafla. Hiyo fizikia, mkuu, huwezi kuinyima alama.

Zuhura wa Pili
Kurasini, mimi sijauliza fizikia.

Mtu wa Kurasini
Haya. Mwaka jana mwezi wa nane, barabara ya Morogoro, kabla ya Chalinze, gari ya mbele yetu ilipinduka. Nilikuwa wa kwanza kufika. Dada mmoja ndani, macho wazi, akaniambia "kaka, nitoe". Nikamshika makwapani nikamvuta. Kiatu chake kimoja kikabaki kimenasa chini ya kiti. Nilipomlaza kwenye nyasi nilikuwa namwambia umepona dada, umepona. Sijui niliyasema mara ngapi.

Hospitali walisema shingo. Mama yake ananishukuru, kila Idi ananipigia. Hajui kwamba binti yake aliongea nami kabla sijamvuta. Nimeamua nimwambie. Tiketi ya Dodoma nimeshakata, Jumamosi. Msinizuie, na wala sijaomba ushauri wa hilo.

Mzee Birika
Hii chai, tena ya tangawizi. Gwen shingo, dada shingo. Spider-Man anasema na maiti, na wewe unasema na maiti. Umeigeuza katuni ukaweka Chalinze. Bila picha mimi simo.

Kaka wa Tandika
Kweli, imekaa sawa mno. Nimekaa paleee nasubiri sehemu ya pili.

Mtu wa Kurasini
Sikupiga picha. Mikono yote miwili ilikuwa kwake. Unadhani kwa nini nimeirudia mara nne? Imekaa sawa, ndiyo, na ndiyo maana silali.

Zuhura wa Pili
Birika, tulia. Mimi ni muuguzi. Kurasini, aliyepinduka na gari hasogezwi, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine. Palikuwaje?

Mtu wa Kurasini
Petroli ilikuwa inatiririka hadi kwenye lami. Niliinusa.

Zuhura wa Pili
Basi ungemwacha mle? Na shingo, pengine ilishavunjika gari ilipokuwa inabiringika. Hapa hakuna wa kukwambia ni lini. Ukifika kwa mama mweleze na petroli, usimpe nusu.

Mama Wawili
Pole mwanangu. Yale ya ibada niache nayo.

Fundi Daraja
Mpigie kabla ya kupanda basi. Asikupokee kama mgeni wa heri wakati umebeba neno zito.

Mtu wa Kurasini
Nimempigia jana, nikashindwa kulisema. Nimemwambia tu nakuja. Kasema atanichinjia kuku.